Uzito wa Kiinua Mgongo cha Baba

Jumatatu, 3 Juni

Nimepiga pasi sketi mbili, mkaa ukaisha kabla ya blauzi. Nilikuwa bado nalalamika peke yangu Baba alipoingia. Saa nane mchana. Kwa kawaida hurudi saa kumi na moja. Baiskeli ameiegemeza ukutani na hakuifuta vumbi.

Wamesomewa majina leo. La kwake lilikuwamo. Miaka ishirini na tisa fundi mitambo pale kiwandani, na sasa mwekezaji anaingia na anataka watu wachache. Barua ni ya ukurasa mmoja. Jina la Baba wamelikosea herufi.

Nimepika ugali na matembele. Amekula vizuri, akaongeza. Hicho ndicho kilichonitisha.

Jumatano, 5 Juni

Kiinua mgongo kitatoka ndani ya mwezi. Baba amenitajia kiasi mara mbili, ya pili polepole. Si pesa ndogo. Kwa miaka ishirini na tisa si kubwa pia. Na ni ya mara moja, hatutaona nyingine kama hiyo.

Jirani wa nyuma alipunguzwa mwaka jana. Alinunua sofa, akafungua baa. Sasa anauza sofa.

Baba anasema siku hizi ni soko huria, kila mtu karuhusiwa kuwa tajiri. Alicheka. Nikacheka naye. Naogopa.

Ijumaa, 7 Juni

Mzee Shomari amekuja baada ya swala. Rafiki wa Baba wa karakana moja, naye jina lake limesomwa. Anataka wanunue pick-up kuukuu, nusu kwa nusu, wabebe mboga kutoka milimani kuleta sokoni mjini. Anaizungumzia kama kijana anayezungumzia mchumba. Mzee Shomari nampenda, ndiye aliyesimamia msiba wa mama. Pick-up yake siipendi.

Baba ana mawazo yake mawili. Mashine ya kusaga hapa hapa Mafiga. Au kulima shamba la mama kule Mgeta, kwenye ardhi ya ukoo wao. Mgeni alipoondoka akaniambia, "Wewe umesoma Mzumbe. Nisaidie kuchagua, mama."

Ananiita mama tangu nikiwa mtoto. Nina miaka ishirini na saba na bado inanilegeza.

Nilisoma miezi mitatu tu, kozi ya sisi maofisa mipango wa halmashauri. Lakini daftari ninalo.

Jumamosi, 8 Juni

Tumefanya jedwali. Nimefurahi mno leo, sijui kama ni halali kufurahi wakati kama huu.

Nimemweleza kama tulivyoelezwa. Ukichagua kwa kuangalia faida peke yake, unachagua kwa jicho moja. Kwa hiyo unaandika yote unayoyajali, hivyo ndivyo vigezo. Kila kigezo unakipa uzito. Halafu kila wazo unalipa alama, moja mpaka tano, katika kila kigezo. Alama mara uzito, jumlisha, linganisha.

Vigezo vinne. Faida. Usalama wa pesa yenyewe. Mwili wa Baba, yaani kazi isimwue. Ukaribu na nyumbani.

Kwa uzito nimetumia maharage ishirini, ayagawe kwenye vikombe vinne. Aliyashika, akayatazama, akanirudishia. "Panga wewe. Wewe ndiye msomi." Nikapanga: faida manne, usalama matano, mwili sita, ukaribu matano. Alama pia nimeweka mimi. Yeye alikaa pembeni akisema "sawa, sawa," huku akimenya karanga na kunisogezea.

Mashine ya Mafiga, 81. Shamba la Mgeta, 49. Pick-up, 48.

Nilipiga makofi. Baba alisema, "Kumbe." Akaenda kulala kidogo.

Jumanne, 11 Juni

Kazini siku nzima kuandaa ripoti ya visima. Baba nimemkuta amepanga upya stoo. Amefagia uwanja mara mbili, nimeona kwa mistari ya ufagio. Mtu ambaye hakuwahi kukaa nyumbani siku ya kazi hajui mikono aiweke wapi.

Sikumuuliza lolote kuhusu jedwali. Namba zimesema.

Alhamisi, 13 Juni

Namba zimebadilika.

Nilifungua daftari kunakili safi kwa wino. Shamba la Mgeta sasa lina 82. Mashine imebaki 81. Kwenye mwili, mbili yangu imefutwa, imewekwa tano. Kwenye ukaribu, moja yangu imekuwa nne. Mgeta ni karibu! Milima yote ile! Tano ya Baba naijua, ina kofia ndefu.

Amejumlisha upya kwa penseli pembeni. Kuna mahesabu matatu yaliyokatwa. Alikuwa akiongeza kidogo kidogo mpaka shamba lishinde kwa moja.

Nimekasirika. Ninaandika nikiwa nimekasirika.

Ijumaa, 14 Juni

Nilimwambia asubuhi, chai ikiwa mezani.

"Umebadilisha namba, Baba."

"Nimerekebisha."

"Umedanganya."

Neno lilitoka kabla sijalishika. Hakuna mtu anayemwambia baba yake neno hilo. Aliweka kikombe chini taratibu, akasema chai ina sukari nyingi, akatoka nje.

Sikula mchana.

Jumapili, 16 Juni

Siku ya tatu tunasalimiana tu. Shikamoo, marahaba, basi. Kanisani tulikaa benchi moja na nafasi ya mtu mmoja katikati.

Mzee Shomari alipita jioni. Mwenye pick-up ana mteja mwingine, anataka jibu kufikia mwisho wa mwezi. Na mtu tuliyemuulizia bei ya mashine ya kusaga naye kasema bei inapanda mwezi wa saba. Kila mtu ana haraka na pesa ambayo haijatoka hata benki.

Baba alimjibu, "Tunaangalia." Amesema tunaangalia. Wingi. Nimeshikilia hiyo silabi moja mpaka sasa.

Jumatano, 19 Juni

Nimempigia magoti. Kweli, sakafuni, kama nilivyokuwa mdogo. Akanishika bega, akasema ninachafua sketi.

Kisha nimesoma tena daftari la Mzumbe. Kuna mstari niliupigia alama mbili na sikuwahi kuutumia: alama ya kitu ambacho hujakiona ni uvumi. Mara ya mwisho kufika Mgeta ni msiba wa mama, miaka sita iliyopita. Nimekaa Mafiga nikalipa shamba alama kwa kukumbuka.

Nimemwambia twende tukalione. Ameanza kutafuta viatu vyake papo hapo. Safari ni Jumamosi.

Jumamosi, 22 Juni, Mgeta

Naandika kwa Mjomba Kobelo, kaka yake mama. Baridi hii! Nimevaa sweta mbili na kanga juu. Ukungu umeingia hadi jikoni.

Tulishuka barabarani saa nne. Kuanzia hapo ni kupanda. Kabichi pande zote, njegere, viazi, matuta juu ya matuta kama ngazi. Watoto wanapita mbio na mizigo. Baba alianza vizuri. Alinionyesha kwa fimbo wapi alipokutana na mama akitoka mtoni, hadithi naijua, nikamwacha aisimulie.

Katikati ya kilima akanyamaza. Kisha akasimama akisema anaangalia mandhari. Aliangalia mandhari mara tano. Mara ya sita aliketi kwenye jiwe, mkono kifuani, mdomo wazi. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Nikamshika mgongo. Nilihisi moyo wake kwenye kiganja changu, kama ngoma iliyopoteza mwendo.

Alipopata pumzi alisema, "Andika moja."

Sikuelewa mara moja.

"Kwenye mwili. Ulisema mbili, mimi nikasema tano. Ni moja."

Nimelia nikiwa nimegeukia kabichi.

Mwenyewe amelala sasa, Mjomba amempa blanketi la kwake. Anakoroma vizuri.

Jumapili, 23 Juni

Tumerudi. Nimechoka, lakini lazima niandike haya.

Asubuhi Mjomba alinichukua shambani, Baba tukamwacha anaota moto. Nilitegemea magugu. Sikuona magugu. Matuta yamejengwa upya, mipaka imepandwa miti, mfereji ni safi. Nikamuuliza nani amefanya kazi yote hii.

"Baba yako."

Nikasema Baba hajafika huku miaka sita.

"Hajafika. Anatuma pesa. Kila mwaka, kabla ya mvua. Nawalipa vijana, wanalima, mavuno wanachukua wao ili shamba lisife. Alisema usiambiwe, utasema anapoteza."

Ningesema hivyo hivyo. Mjomba ananijua.

Kisha akanieleza kama mtu anayeeleza kwamba jua linachomoza mashariki. Kwa Waluguru ardhi inapita kwa mama. Baba ni Mngoni wa Songea, ni mkwe, anaheshimiwa, analishwa, lakini shamba hili si lake na halitakuwa lake hata akilima miaka mia. Ni la lukolo, la ukoo wa mama, na kwa upande wetu mwenye nalo ni mimi. Baba anajua. Alijua tangu siku anaoa.

Kwa hiyo alitaka kuzika kiinua mgongo chake chote kwenye ardhi ambayo haimhusu.

Tukiwa tumesimama pale, wanawake watatu walishuka na magunia ya mahindi kichwani. Nikawaamkia, shikamooni. Nikauliza wanaenda wapi. Kusaga. Mashine ya karibu ni mwendo wa saa mbili na zaidi, kurudi ni kupanda. Mmoja akasema kwa utani kwamba unga wao una chumvi tayari, ya jasho.

Njiani kurudi, Baba alisinzia begani kwangu tangu Mzumbe hadi mjini. Sikumuuliza kitu.

Jumanne, 25 Juni

Nimemuuliza leo, akichambua mchele.

"Kwa nini shamba, Baba? Wewe si mkulima. Kilima kinakuua."

Alitupa kijiwe uani. "Nataka uwe na kitu."

"Nina kazi. Ya serikali."

"Mimi pia nilikuwa na kazi ya serikali, mama."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama anataja saa. Ofisini kwetu wiki iliyopita tumejaza fomu mpya, idadi ya watumishi kila idara, na hakuna aliyetueleza ni za nini.

Akaendelea. Kiwanda kinauzwa, nyumba tunapanga, pesa inashuka thamani, mashine inachakaa. Ardhi ya mama yako hakuna mwekezaji wa kuinunua. Siku wakisoma jina lako, utakuwa na mahali pa kusimama. Hivyo tu.

Nilimwambia mimi nilikuwa najali mwili wake. Akasema anajua, aliona maharage sita. Akasema hakuna mtu aliyewahi kumwekea maharage sita.

Tumecheka mpaka mchele ukamwagika.

Jumatano, 26 Juni

Nimefikiri njia nzima kwenda kazini. Kosa ni langu. Nilimwambia atafute jibu kwenye jedwali ambalo nilijaza mimi, vigezo vyangu, uzito wangu. Kile anachokijali kuliko vyote hakikuwa na safu. Ndiyo maana akaiba namba. Hakuwa na mlango, akapita dirishani.

Mwalimu wetu wa Mzumbe alisema wanaoamua wakiwa wawili, kila mmoja apange uzito wake, kisha uchanganywe. Nilikuwa nimelisahau hilo kwa sababu ilinifaa kulisahau.

Alhamisi, 27 Juni

Hundi imetoka. Baba ameipeleka benki akiwa amevaa suti ya harusi za watu.

Mzee Shomari amempata mwenzake mwingine wa pick-up, shemeji yake. Amekuja kumwambia Baba mwenyewe, ana kwa ana, akiogopa atamuudhi. Baba alimkumbatia. Nadhani wote wawili walipumua. Nilimpikia Mzee Shomari maandazi ya kwenda nayo.

Jumapili, 30 Juni

Baada ya misa tulikaa chini ya dirisha, mchana kweupe, tukaanza upya.

Vigezo vitano sasa. Cha tano Baba amekiita "cha Skola". Skola ni mimi. Niliandika hivyo hivyo.

Maharage yangu nimeyaacha yalivyokuwa. Yake ishirini amegawa mwenyewe, kwa haraka, kama mtu aliyekwisha kuyagawa kichwani siku nyingi. Faida manne. Usalama matatu. Mwili mawili. Ukaribu moja. Cha Skola kumi.

Kumi! Nusu ya maharage yake yote. Na kwa mwili wake mwenyewe mawili.

Kisha nikasema kuna wazo la nne, tuliandike. Mashine ya kusaga, lakini Mgeta. Si juu kilimani. Chini, barabarani, kwenye kipande cha ardhi ya mama kinachogusa barabara, ambapo gari linafika na dizeli inafika na hakuna kupanda. Wale wanawake wa magunia wasitembee tena saa mbili. Fundi hakuna mwingine kule. Kibanda kinakuwa kwenye ardhi yangu, injini inakuwa mikononi mwake.

Baba aliniangalia. Alikuwa tayari anasikiliza injini, niliona machoni. Akauliza udongo wa pale ni mgumu kiasi gani kwa kufunga msingi wa mashine. Akauliza maji yako mbali kiasi gani. Alikuwa mtu wa kazini tena, kwa mara ya kwanza mwezi huu.

Alama tulibishana moja moja, kwa haki. Tumetumia alama tulizoona kwa macho. Yake na yangu pamoja, maharage arobaini.

Mashine ya Mafiga, 138. Shamba, 120. Mashine ya Mgeta, 144.

Alienda kuota jua uani. Nikabaki na vikombe.

Nitaliandika hili kwa sababu hakuna atakayelisoma. Mashine ya Mgeta imepata moja kwenye ukaribu. Moja tu, na ni haki. Maana yake Baba ataishi kule. Hawezi kuendesha mashine akiwa Mafiga. Nilipotaja wazo lile nilijua, na nilikuwa sijalihisi bado. Nikalihisi pale.

Nikapiga hesabu. Nikitoa harage moja kwenye kikombe cha Skola, moja tu, nikaliweka kwenye ukaribu, Mafiga inakuwa 141 na Mgeta 140. Baba anabaki. Kila jioni nasikia baiskeli yake. Harage moja. Nililitoa. Lilikuwa kwenye vidole vyangu.

Halikuwa langu. Lilikuwa moja la yale kumi yake.

Nimelirudisha.

Jumatatu, 1 Julai

Nimemweleza Baba juu ya harage. Nilitaka tulingane.

Alicheka sana, akapangusa macho. Kisha akauliza kwa upole kama nataka asiende. Nikisema hivyo atabaki, najua, na hatanilaumu hata siku moja. Ndiyo sababu swali lile lilikuwa gumu.

Nikasema nataka asiende. Na nikasema aende.

"Yote mawili?"

"Yote mawili."

"Basi," akasema. "Jedwali linasemaje?"

"Linasema limetupa wazo tu. Wa kuamua ni sisi."

Akanyoosha mkono. Tumepeana mikono kama wafanyabiashara.

Ijumaa, 12 Julai

Mjomba Kobelo ameshuka mjini na mkungu wa ndizi na jibu la ukoo. Wamekubali kibanda kijengwe kwa masharti mawili. Nguzo ya kwanza niisimike mimi kwa mkono wangu, mbele ya wazee, ijulikane ni ya nani. Na mjane wa ukoo asilipe siku za Ijumaa.

Baba alikubali yote kabla Mjomba hajamaliza kusema. Faida imeshuka kidogo kwenye karatasi. Sikuandika upya.

Muuza mashine amepandisha bei kama alivyoahidi. Baba amemfungulia injini mbele yake, akamwonyesha ringi zilizochoka, bei ikarudi chini. Nilijivuna pale kama tausi.

Jumamosi, 27 Julai

Ameondoka. Lori lilibeba injini, kinu, puli, mkanda, kitanda chake, na godoro. Mzee Shomari aliendesha mwenyewe pick-up yake nyuma, hakutaka nauli. Inatoa moshi kama tanuri, lakini imefika.

Nimesimika nguzo. Wazee wawili, Mjomba, wanawake wengi. Shimo lilichimbwa, nikashika, nikashindilia udongo kwa miguu. Shangazi mmoja alisema nafanana na mama nikishindilia. Baba alikuwa amegeukia upande mwingine akikagua boliti ambayo haikuwa na kasoro.

Nimerudi peke yangu. Chumba chake kina harufu ya grisi. Sikufungua dirisha.

Jumatano, 14 Agosti

Wiki mbili bila habari, kisha leo karatasi kupitia mwenye duka wa Mgeta anayeshuka mjini kununua bidhaa. Mkanda ulikatika siku ya pili. Chekecheke la kinu lilikuja la saizi mbaya. Siku tisa mashine haikusaga kitu na pesa ya dizeli imeliwa na vipuri. Anasema nisiogope. Nimeogopa sana.

Nimefungua jedwali, nikaangalia alama tatu tuliyoipa mashine ya Mgeta kwenye usalama. Labda ilistahili mbili. Nimefanya hesabu kwa mbili: 136. Mafiga ingeshinda. Nimekaa na hiyo 136 kama mtu aliyepewa majibu ya hospitali.

Kisha nikafunga daftari. Jedwali lilitufikisha pale lilipoweza. Sasa ni mkanda, ni chekecheke, ni Baba. Nimenunua mkanda wa akiba, mpya, kwa mshahara wangu. Nimempa dereva wa gari la Mgeta.

Ijumaa, 23 Agosti

Inasaga. Mwenye duka kasema foleni inafika barabarani. Kasema mzee ananenepa.

Sikuweza kufanya kazi tena baada ya hapo. Nimechora nyumba ndogo pembeni mwa ripoti ya visima, ikabidi niichape upya.

Jumapili, 8 Septemba

Nimelala Mgeta jana. Nimeshuka leo.

Mashine huanza kusikika kona mbili kabla hujaiona. Nilishuka garini nikakuta magunia yamepangwa, wanawake wamekaa juu yake wakizungumza, na Baba ndani, mweupe kwa unga kuanzia kope hadi viatu. Hakunisikia nikimwamkia. Mama mmoja akampiga bega, "Fundi, mwanao!" Huku anaitwa Fundi. Kule kiwandani alikuwa namba.

Faida ni ndogo. Nimeona hesabu, si kubwa hata kidogo, mwezi huu imebaki ya dizeli na ya kula na kiasi cha kuweka. Hapandi kilima. Anakula njegere na viazi, anakunywa maziwa ya mbuzi, anapumua vizuri. Nimemsikiliza usiku kupitia ukuta wa mbao. Anapumua vizuri.

Asubuhi tumekula pichesi mbichi kidogo, tukiwa tumeketi kwenye magunia, kabla wateja hawajafika. Ukungu ulikuwa chini yetu bondeni. Alinionyesha alipopanda miche minne ya parachichi nyuma ya kibanda. Akasema itazaa baada ya miaka mitano, akaniangalia, akaendelea kula.

Alinisindikiza garini. Alisimama mlangoni kwa dereva kana kwamba ana mazungumzo naye.

"Utakuja lini?"

"Mwisho wa mwezi, Baba."

"Njoo na betri za redio. Nne. Kubwa."

Jumatatu, 9 Septemba

Kazini saa moja na nusu. Ripoti ya visima imepita.

Jioni nimepita dukani. Mwisho wa mwezi bado wiki tatu. Betri nimenunua leo.